Haya Yangu ni Asilimia Ngapi? Hotuba kwa wakufunzi wanaohamishia masomo yao mtandaoni

Mgeni rasmi, wakuu wa vyuo, wakufunzi wenzangu: itifaki imezingatiwa.

Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwa jinsi ratiba ilivyopangwa. Naona baada yangu anakuja mtaalamu wa kurekodi video, halafu mwenzake wa kutengeneza slaidi. Mpangilio huo ni sahihi. Lengo la somo likiandikwa baada ya video kurekodiwa, kazi yake inakuwa kuitetea video.

Nitaanza Kibaigwa. Wengi wenu mnapajua: wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, kwenye barabara kuu ya kwenda Morogoro, lilipo lile soko kubwa la mahindi. Ilikuwa Julai 2020. Miezi minne kabla ya hapo, mwezi Machi, vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, nami nikatakiwa kulipeleka mtandaoni somo langu la hifadhi ya nafaka baada ya mavuno, haraka. Nilifanya walichofanya wengi wetu. Nilikusanya nilichokuwa nacho: maandishi ya miaka yote, slaidi zote, nikajirekodi nikizisoma, nikaweka jaribio la maswali ya kuchagua jibu mwishoni, nikapakia vyote. Wanafunzi walifanya jaribio na wengi wakafaulu vizuri. Nilimwambia mke wangu kwamba mambo ya mtandaoni si magumu kama watu wanavyosema.

Vyuo vikafunguliwa Juni, na Julai tukaenda na wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo. Hapo Kibaigwa tulimkuta mzee mmoja ameketi juu ya gunia, anasubiri mnunuzi. Kijana wangu, mmoja wa waliopata alama za juu kabisa, akamwamkia vizuri, akajitambulisha, akaanza: "Mzee, mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5." Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatia mkono guniani, akatoa punje moja, akaing'ata kwa magego huku ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza kitu. Akachota konzi ya mahindi, akamwekea kijana kiganjani.

"Haya yangu ni asilimia ngapi, mwanangu?"

Kijana alinitazama mimi. Hakuyatazama mahindi.

Wenzangu, swali la mzee yule lilikuwa la haki, na halikuwa gumu. Ndilo swali lililolifanya somo hilo liwepo. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, maeneo yale yale tuliyokuwa tumesimama. Mwaka 2004, upande wa Kenya, kule Ukambani, waliugua watu 317 na wakafa 125. Fangasi anayetengeneza sumu hiyo hustawi kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Kijana aliyajua hayo yote. Nilimfundisha mimi, na aliyajibu yote kwenye jaribio. Alichokosa ni kujua kama konzi ile iliyokuwa mkononi mwake ni kavu au mbichi. Kosa halikuwa lake. Niliporudi nikafungua andalio langu nikakuta nimeandika kwa mkono wangu: "Mwanafunzi ataelewa umuhimu wa unyevu katika hifadhi ya mahindi." Na kweli alikuwa ameelewa. Nilipata nilichoomba.

Hebu tukitazame kitenzi hiki, kuelewa, kwa sababu kimejaa kwenye maandalio yetu yote. Kiswahili kinatuonya kuhusu kitenzi hiki, kama tukikisikiliza. Wazee husema "yamenielea", yaani yamekuwa wazi kwangu. Kutoka elea tunapata eleza, kumfanyia mwingine jambo likawa wazi, na tunapata elewa, ambalo kwa umbo lake ni la kutendwa. Anayeelewa ametendewa, kuna kitu kimemfikia ndani, na mimi niliye nje sina mlango wa kuingia kukikagua. Anayeeleza ninamsikia. Anayepima ninamwona. Anayetenganisha magunia mabichi na makavu ninaweza kwenda nyuma yake nikakagua gunia moja moja. Ukiandika "ataelewa" umeahidi kitu ambacho wewe mwenyewe huna njia ya kujua kama umekitimiza. Ndugu zake ni kujua, kufahamu, kuzingatia, kuwa na uelewa mpana wa. Hicho cha mwisho ni kuelewa kulekule, kumevalishwa suti.

Mtaniuliza: mbona tumefundisha miaka mingi na malengo hayo hayo, na wanafunzi wakatoka wazuri? Ni kweli. Darasani lengo bovu halileti hasara kubwa kwa sababu mwalimu yupo. Unaona nyuso zimekunjamana kule nyuma, unasimama, unaacha andalio, unamtuma mmoja jikoni akalete chumvi na chupa, mnapima unyevu pale pale. Lengo la kweli lilikuwa kichwani mwako, si kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya mkaguzi. Mtandaoni hakuna anayemwona mwanafunzi akikunja uso. Mwanafunzi yuko Mpanda, saa 4 usiku, watoto wamelala, bando limebaki dogo na chaji inaelekea kuisha. Hana wa kumuuliza. Kilichosimama mahali pako ni ile sentensi uliyoiandika juu ya moduli. Kama sentensi hiyo haina macho, mwanafunzi huyo hana mwalimu.

Ndiyo maana inanigusa kwamba maelezo mazuri zaidi ya namna ya kuandika lengo yalizaliwa kwa ajili ya masomo yasiyo na mwalimu chumbani. Mwaka 1962, huko Marekani, Robert Mager aliandika kitabu kidogo kwa watu waliokuwa wakitengeneza masomo ya kujisomea hatua kwa hatua: mwanafunzi anapewa kipande kidogo, anajibu, anasahihishwa papo hapo, anaendelea. Kompyuta mezani kwa kila mtu ilikuwa bado ni ndoto, lakini tatizo lilikuwa hili letu. Mager akasema lengo lionyeshe mambo matatu: mwanafunzi atafanya nini, atalifanya katika mazingira gani na kwa vifaa gani, na tutakubali kwa kiwango gani kwamba amelifanya. Kitendo, mazingira, kiwango. Ukisikia hivyo unaona ni jambo jepesi. Jaribu kuandika moja kwa somo lako uone jasho.

Kabla yake, mwaka 1949, Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa ameuliza maswali ambayo mpaka leo hatujayapita: shule inataka kufikia nini, ni mambo gani yatamfikisha mwanafunzi huko, yapangwe vipi, na tutajuaje kwamba amefika. Angalieni swali la kwanza ni lipi. Msaidizi wake wa siku nyingi, Benjamin Bloom, ndiye huyu ambaye jina lake tunalijua wote kutoka vyuo vya ualimu, kwa zile ngazi zake za kujifunza: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi, tathmini. Tuliyakariri. Tunachosahau ni yaliyowakutanisha watu wale. Kazi yao ilianzia kwenye mkutano wa mwaka 1948 mjini Boston, na waliokutana walikuwa watunzi wa mitihani ya vyuo vikuu. Walitaka kugawana maswali ili kila chuo kisianze upya kila mwaka, wakakuta hawana lugha ya pamoja ya kusema swali hili linapima nini. Kitabu kikatoka 1956. Yaani ngazi zile zilitengenezwa zitumike kutazama maswali, zimwambie mtunzi: unadhani unapima uchambuzi, kumbe unapima kumbukumbu. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl waliongoza kazi ya kuzipanga upya wakazipa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Ndiyo, kuelewa kumo, na hakuna ubaya, kwa sababu wao chini yake wameorodhesha vitendo vinavyoonekana: kutoa mfano, kulinganisha, kufupisha, kueleza.

Hapa niseme jambo linalonikera kidogo, mnisamehe. Wengi wetu tumepewa orodha ya vitenzi, na tumeigeuza kuwa dawa ya kupaka juu. Tunafuta "ataelewa", tunaweka "atabainisha", tunaendelea na slaidi zilezile na jaribio lilelile. "Mwanafunzi atabainisha umuhimu wa unyevu." Mzee wa Kibaigwa hajapata chochote hapo. Badala ya kuanza na orodha, mtafute yule mtu atakayekutana na mwanafunzi wako baada ya kozi. Awe mkulima, mgonjwa, mzazi, mteja wa benki, mtoto wa darasa la 3. Huyo atamkabidhi nini mkononi? Atamuuliza nini? Kitenzi kitatoka hapo chenyewe.

Sasa niwaonyeshe nilivyolitengeneza somo langu upya, kwa sababu kusema ni rahisi. Kwanza nilikaa jioni tatu na sentensi moja. Ya mwisho ilikuwa hii: "Akiwa mbele ya magunia 10 ya mkulima, na akiwa na bambo, chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kizibo, na chumvi iliyoanikwa juani, mwanafunzi atachukua sampuli, atapima unyevu, na kumwambia mkulima la kufanya kwa kila gunia, pasipo gunia lolote bichi kuruhusiwa kuingia ghalani." Ni ndefu. Sikuifupisha. Bambo ni kile chuma chenye mfereji cha kuchoma gunia na kutoa sampuli. Vifaa vimo ndani kwa sababu afisa ugani wa kata hana mashine ya kupima unyevu. Kama ningeandika "akiwa na kipima unyevu cha kielektroniki" ningekuwa nimemtengenezea kozi mtu asiyekuwepo. Na kiwango ni kikali makusudi. Kwenye insha mtu akikosea mawili kati ya kumi tunampa alama 80 na tunampongeza. Magunia mawili mabichi ghalani yanaharibu mengine.

Kwa wasioijua njia ya chupa: unachukua chupa kavu kabisa, unatia mahindi mpaka kama robo au theluthi, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa kwa nguvu kama dakika moja, unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudi juani. Chumvi isipoganda, yako chini ya hapo. Angalieni vizuri: chupa inakuonyesha 15, nasi tunataka 13.5 kwa kuhifadhi muda mrefu. Kwa hiyo chupa ikisema "kavu", afisa ugani bado anatakiwa kuamua: mahindi haya yanauzwa wiki hii, au yanakaa mpaka Februari? Kama yanakaa, yaanikwe zaidi, au yatafutiwe kipimo cha uhakika kabla hayajafungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Maamuzi hayo ndiyo kiini cha somo, na katika toleo langu la kwanza hayakuwa na hata slaidi moja.

Baada ya lengo, sikugusa maudhui. Niliandika mtihani. Hapa ndipo wengi wetu tunaruka, kwa sababu tumezoea mtihani kuwa kitu cha mwisho wa muhula. Lakini kama lengo linasema atapima, basi mtihani ni kupima. Na kama siwezi kubuni namna ya kumwona akipima kutoka mbali, lengo langu haliwezi kufundishwa kwa njia hii, na ni heri nijue mapema. Nikaamua: kila mwanafunzi atafute mahindi kwa jirani, sampuli tatu kutoka sehemu tatu, apime, ajirekodi kwa simu kwa dakika mbili, na mwishoni atazame kamera amwambie mkulima la kufanya, kwa lugha ambayo mkulima angeielewa. Kwa asiye na bando la kupakia video, picha tatu na ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Kigezo cha kusahihishia nikakiweka wazi tangu siku ya kwanza, ili kila mtu ajue ninachotazama.

Ndipo nikarudi kwenye lundo langu la maudhui, nikauliza kila kipande: unamsaidia nani katika video ile ya dakika mbili? Slaidi za historia ya mahindi, kutoka bara la Amerika hadi pwani yetu, zikaondoka. Nilizipenda, na niliumia. Jedwali la uzalishaji kwa mikoa likaondoka. Saa nzima ya mimi kusoma aina za fangasi ikabaki dakika nne. Kwa upande mwingine nikagundua mashimo: sikuwahi kufundisha namna ya kuchoma gunia kwa bambo juu, katikati na chini, eti kwa sababu "watajifunza wakifika huko". Sikuwahi kusema chumvi ya dukani huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo ianikwe kwanza. Sikuwahi kuzungumzia namna ya kumwambia mzee wa miaka 70 kwamba mahindi yake hayajakauka, bila kumvunjia heshima, hasa ikiwa yeye ameshayang'ata na kusikia yakilia. Bloom na wenzake walikuja kuandika pia juu ya mwelekeo wa moyo, yaani hisia na mitazamo, mwaka 1964, na mara nyingi tunaupuuza mtandaoni kwa kudhani haupimiki. Mimi nausikia kwenye zile sekunde 20 za mwisho za video. Kuna anayesema, "Mzee, haya yako bado." Na kuna anayesema, "Baba, nimeona umeyang'ata, na mimi nimeyapima kwa chupa; hebu tuitazame pamoja hii chumvi." Wote wamepima sawa. Wa pili ndiye mzee atakayemsikiliza.

Katika kundi la kwanza la kozi mpya, binti mmoja alituma video ambayo chumvi iliganda kotekote kwenye chupa. Akasema mbele ya kamera: "Mahindi haya ni ya mwaka jana, yalikaa dari, ninajua ni makavu. Sielewi." Kisha video ikakatika. Kesho yake akatuma ya pili. Alikuwa amegundua kwamba asubuhi ile chupa ilioshwa na kupanguswa, lakini kwenye bega la kioo, pale chupa inapoanza kuwa nyembamba kuelekea mdomoni, kulibaki ukungu wa maji usioonekana mpaka uikabili na mwanga. Aliianika chupa, akarudia, chumvi haikuganda. Hakuna slaidi yangu iliyowahi kumfundisha mtu maana ya neno "kavu" kama video ile. Nikamwomba ruhusa, na sasa wanaoanza kozi huitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Najua kuna masomo ambayo huwezi kumwambia kila mtu ajirekodi, na madarasa ya watu 400 ambayo hakuna mtu wa kutazama video zote. Huko maswali ya kuchagua jibu hayaepukiki. Lakini hata swali la namna hiyo linaweza kulitumikia lengo au kulisaliti. Swali langu la zamani: "Unyevu wa juu unaofaa kwa mahindi ya kuhifadhi ni asilimia ngapi? A, B, C, D." Hapo nimepima kukumbuka, na mwenye simu ya pili anatafuta jibu kwa sekunde tano. Swali la sasa lina picha mbili za chupa, moja chumvi imeganda na nyingine haijaganda, na maelezo: mkulima ana magunia 6 kutoka shamba la bondeni na 4 kutoka la mlimani, picha ya kwanza ni ya bondeni, ya pili ni ya mlimani, anataka kuyamimina yote kwenye kihenge kimoja jioni hii na kuyauza baada ya miezi sita. Umshauri nini? Majibu manne, na matatu yasiyo sahihi yametokana na makosa niliyoyaona kwa wanafunzi wenyewe. Mojawapo ni lile la kusema magunia 4 ya mlimani yaingie moja kwa moja, kwa sababu chumvi haikuganda. Kwa kutafuta mtandaoni hulipati. Lazima ulitumie ulilojifunza na uchambue.

Kuna wanaoniambia haya yote ni mambo ya Wazungu na kompyuta zao. Nawajibu kwa kuwakumbusha mwaka 1973. Nchi hii iliwahi kuendesha kozi ya masafa ambayo ukubwa wake unatisha hata leo. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilidumu wiki 12. Chombo kilikuwa redio, pamoja na kijitabu. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, anayejua kusoma akawasomea wenzake, wakajadili. Walishiriki watu wapatao milioni 2, na viongozi wa vikundi kama 75,000 walipewa mafunzo kabla. Zilizotangulia, kampeni za Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971, zilikuwa zimeshawafundisha waandaaji jinsi ya kuendesha vikundi. Lakini kilichoifanya Mtu ni Afya iwe tofauti, kwa macho yangu ya ualimu, ni jinsi kila kikao kilivyotakiwa kumalizika. Hakikumalizika kwa watu kuelewa malaria au kichocho au minyoo. Kilimalizika kwa kikundi kuamua kitafanya nini: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Na vyoo vikachimbwa, vijiji kwa vijiji. Choo kinahesabika. Unaenda, unakiona, unajua somo limefika. Hakuna aliyekuwa na Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na bado lengo, shughuli na kipimo vilikaa mstari mmoja. Sisi tuna vyombo vyote, na mara nyingi tunashindwa na redio ya mwaka 1973.

Kwa kuwa nimeitaja Moodle: hii ambayo vyuo vyetu vingi vinaitumia, Chuo Kikuu Huria kikiwemo, ilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, na ni ya bure. Tangu toleo la 3.1 la mwaka 2016 inakuruhusu kusajili umahiri unaoutaka na kuufunga kwenye kila shughuli, ili uone ni nani ameufikia na nani bado. Unaweza pia kuzuia moduli ya pili isifunguke kabla ya kazi ya kwanza kukamilika. Vitufe hivyo mtafundishwa mchana. Mimi naomba tu msivifungie mlango. Nilipoweka masharti makali kwa mara ya kwanza, wenye mtandao dhaifu walikwama moduli ya 2 kwa wiki nzima kwa sababu ya jaribio dogo ambalo halikuwa na uzito wowote. Sasa nafunga mlango mahali pamoja tu, pale ambapo kukosea kunaweza kumdhuru mkulima, na hapo mtu anarudia mara atakazo mpaka amudu.

Nisiwafiche upande wa pili. Wapo wataalamu wanaoheshimika waliopinga kuamua kila kitu mapema. Elliot Eisner, aliyetoka kwenye ufundishaji wa sanaa, alieleza mwaka 1969 kwamba kuna mafunzo ambayo mwalimu anaweza kupanga tukio tu, na hawezi kujua litamzalishia nini kila mwanafunzi. Namwamini. Ukiwapeleka wanafunzi wa Kiswahili kwenye utenzi wa zamani, huwezi kuandika kwa kiwango cha Mager kile ambacho ubeti fulani utamfanyia mtu fulani. Ukilazimisha, utaishia kupima idadi ya mizani, yaani silabi za kila mstari, kwa sababu mizani inahesabika. Mwalimu wa fasihi aliyeko hapa asitoke akidhani nimemwagiza aupeleke utenzi kwenye chupa. Ninachomwomba ni aandike kwa uaminifu: "Tutausoma utenzi huu, kila mmoja atachagua ubeti mmoja uliomgusa, ataurekodi kwa sauti yake na kutueleza kwa nini." Tukio limepangwa, matunda yako huru, na bado tunamwona mtu akifanya kitu. Hofu yangu ni pale tunapojificha nyuma ya Eisner kwenye somo la kuchoma sindano.

Muda wangu unaisha, nami sitaki muondoke na maneno matupu. Kila mmoja amepewa karatasi yenye malengo ya kozi yake mwenyewe, aliyoyatuma mwezi uliopita. Nimeyasoma yote. Kati ya hayo, "ataelewa" imejitokeza karibu kila ukurasa. Na hapa mezani nimeleta kidebe cha mahindi niliyonunua jana sokoni. Sikuyang'ata na sijui ukavu wake. Chupa mbili ni hizo, zimeanikwa tangu asubuhi, na chumvi iko kwenye sinia pale dirishani. Naomba wawili waje mbele wayapime. Wanaofundisha masomo ya mbali kabisa na kilimo ndio ninaowataka zaidi, mwalimu wa hesabu, dada yangu wa uuguzi pale nyuma. Nyinyi wengine watazameni, na wakati wanatikisa, andikeni lengo la hicho mnachokiona: kitendo, mazingira, kiwango. Chumvi itakapokuwa inatulia tutakuwa na robo saa, na hapo kila mtu atageukia karatasi yake na kuanza na lengo la kwanza.

Karibuni mbele.